Sweta Lenye Mikono Mirefu

"Meiqi, mwanangu, pandisha hiyo mikono ya sweta, utaichovya kwenye unga."

Shulan aliipandisha. Ikashuka. Akaipandisha tena, ikashuka tena mpaka kwenye kucha, maana sweta lile jekundu lilikuwa limemzidi kama la kuazima. Na jina la Meiqi nalo lilikuwa la kuazima. Jina lake hasa ni Qiao Shulan, na mama yule aliyekuwa akimwita mwanangu hakulijua.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wetu, hapa Shenyang, katika yale majengo ya zamani ya wafanyakazi wa viwandani ambako mabomba ya joto hugongagonga ukutani majira yote ya baridi. Bi Guo alikuwa anasukuma unga wa jiaozi, zile sambusa zetu za kuchemsha, anaongea, anaonja nyama na kabichi chachu, anaongea. Mjane huyu alistaafu kutoka kiwanda cha masweta. Mpaka leo wenzake wa zamani wakikutana naye sokoni humshika mikono na kusema, jamani, hii ndiyo mikono. Shulan alikaa mkabala naye, anajaza na kukunja, na kila jiaozi aliyoiweka kwenye sinia aliiona kama inamtazama.

Tuseme ukweli, mambo haya yalianza kwa nia njema. Mwaka uliotangulia Bi Guo alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Mwanawe wa pekee, Bai Jingtao, fundi taa kwenye ukumbi mdogo wa michezo ya kuchekesha, alikuwa na mchumba huko Dalian, Lin Meiqi. Mama alikuwa hajamwona hata kwa picha. Alimsikia kwenye simu tu, akamwomba vipimo, akamfumia sweta. Basi wiki ileile mama analazwa, Meiqi naye akavunja uchumba. Daktari akasema mgonjwa asipewe habari za kumshtua. Jingtao, badala ya kutulia afikiri, akamkimbilia Shulan, mwigizaji wa pale ukumbini, mwanamke anayeweza kuiga sauti ya mtu yeyote na kulia machozi ya kweli mara tu taa inapowaka.

"Mchana mmoja tu," alimbembeleza. "Kaa naye, mshike mkono, mwite Shangazi. Basi."

Mchana mmoja! Wanaume hawa! Mchana ule ulizaa Jumapili, Jumapili ikazaa nyingine, na leo Shulan amekaa jikoni kwa watu siku ya sikukuu, anapendwa kwa jina la mwingine. Na ubaya zaidi, alikuwa anampenda huyo Jingtao aliyemleta.

"Leo tukikaa mezani," Bi Guo alisema, akipunguza sauti kama mtu mwenye siri tamu, "utaacha hiyo Shangazi, Shangazi yako."

Vidole vya Shulan vilisimama. "Nitakuitaje sasa?"

"Haa! Msikie! Utaniita Mama, utaniitaje tena? Au unataka kuniita Komredi?"

Bi Guo alicheka mpaka akakohoa. Shulan alitabasamu, akainamia sinia. Kwetu neno hilo halitolewi hovyo. Msichana humwita mama wa mchumba wake Shangazi mpaka siku anapopokelewa mezani kwa zawadi. Akishasema Mama, amekuwa wa nyumba ile, na hakuna anayerudi kesho yake kusema alitania.

"Zawadi yako iko kabatini," Bi Guo aliendelea, lakini uso ulikuwa umeshuka kidogo. "Ni skafu. Nimenunua dukani. Usinicheke."

"Kwa nini nikucheke, Shangazi?"

"Mimi, Guo Fengzhen, nanunua skafu dukani!" Alitazama viganja vyake vilivyojaa unga. "Ningekufumia. Lakini mikono yangu imekwisha. Tangu hilo sweta sijashika uzi. Sindano zangu za kufumia nimempa jirani wa chini, angalau yeye bado anaona anachofanya."

"Sweta zuri jamani! Mimi mwenyewe napenda mikono mirefu, inanifunika vidole."

Alikuwa ameshausema uongo huo mara nyingi mno hata ulimi ulikuwa unautoa wenyewe. Bi Guo alikung'uta unga viganjani. Aliinua kopo la unga, zito, akalipandisha rafuni.

"Acha nikusaidie! Na moyo wako huo, daktari alisema usinyanyue vitu."

"Daktari yupi? Yule mwenye miwani? Huyo tangu sikukuu ya mbalamwezi, kabla baridi haijaanza, ameniambia nimepona. Akasema niende nikacheze dansi uwanjani na vikongwe wenzangu. Kwani Jingtao hakukwambia?"

Shulan alikuwa ameshika jiaozi mkononi. Aliikunja, akaifunga kingo vizuri, akaiweka kwenye sinia, halafu akajipangusa unga.

"Labda aliniambia," alisema taratibu. "Ngoja nikamsaidie kubeba samaki."

Jingtao alikuwa kwenye kibaraza cha vioo, pale ambapo wenye nyumba za zamani tunaweka vyakula vigande kwa baridi ya bure. Alikuwa amebeba samaki mzima aliyekauka kwa barafu kama ubao. Alipomwona Shulan alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo Shulan alikuwa akijifanya halioni tangu siku ya kwanza. Shulan alifunga mlango nyuma yake.

"Daktari alisema nini wakati wa sikukuu ya mbalamwezi?"

Tabasamu likafa. "Shulan..."

"Shh! Humu ndani mimi Meiqi. Nijibu."

"Alisema mama amepona."

"Amepona kidogo au amepona?"

"Amepona."

"Na juzijuzi hapa, nilipokwambia tumweleze ukweli sasa, imetosha, ukaniambia moyo wake bado mbovu, neno moja tu linaweza kumuua?"

Jingtao alimtazama samaki, kana kwamba samaki angemtetea. "Nilidanganya."

"Nimekaa silali, Jingtao! Nikimsikia anapiga chafya natetemeka. Nimejiona muuaji ninayesubiri zamu yangu. Kumbe mwenzangu umetulia!"

"Sijatulia hata siku moja."

"Kwa nini basi?"

Pumzi zao zilikuwa zinatoka moshi mweupe katikati yao. Kisha Jingtao akasema, sauti ya chini, bila kumtazama, "Ningekwambia amepona, ungekuja tena hapa Jumapili?"

Shulan aliikunja mikono ya sweta, ikashuka.

"Kazi ingekuwa imeisha. Ungesema haya kwaheri, ungeshika njia yako, tungebaki kusalimiana ukumbini, habari za leo, nzuri, taa iwe ya buluu au ya njano. Mimi kila Jumapili nakaa pale mlangoni nakusikiliza unavyopanda ngazi. Nikasema acha hii ipite, nitamwambia ijayo. Ikija, nasema acha na hii ipite."

Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakukimbia. Mwanamke gani hajaota kutazamwa hivyo na mwanamume anayempenda? Shulan alihisi furaha inampanda kifuani kwa nguvu, na papo hapo akaionea aibu furaha ile. Kulikuwa na mama wa watu jikoni, anawakunjia jiaozi, na wao wawili wamesimama hapa wakinufaika na ugonjwa wake.

"Kwa hiyo mama yako anaugua ili mimi nipatikane."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Au utaipamba kwa taa ya njano?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Nilikuhadithia kuhusu mama yangu. Wewe peke yako nilikuhadithia."

"Najua."

"Baba alinipigia simu akasema mama ana mafua tu, maliza msimu wako wa jukwaani, usihangaike. Alinihurumia. Nikabaki nachekesha watu. Nilipofika nyumbani nikakuta viatu vya waombolezaji mlangoni. Tangu siku ile sijamwita mtu yeyote Mama, Jingtao. Hata jukwaani nikipewa neno hilo namwachia mwenzangu alitamke yeye. Na leo mama yako anataka nimwite. Nitamwita kwa mdomo wa nani? Wa Meiqi?"

"Hukuniambia kama..."

"Ungeniuliza!"

"Basi tutamweleza. Sikukuu ikiisha tu, nakuahidi."

"Kwako kila siku ni kitu fulani kikiisha!" Alimnyang'anya samaki bila kujua kwa nini, akasimama naye kifuani, baridi inampenya kwenye sweta la watu. "Hapana. Mimi leo namaliza. Na hutasema neno."

"Unataka kufanya nini?"

Alimrudishia samaki wake. Karibu na mlango kulikuwa na kapu la peasi, zile za majira ya baridi, zilizoganda mpaka zikawa nyeusi. Shulan alichukua chache, akaingia nazo jikoni, akaziloweka kwenye bakuli la maji baridi ziyeyuke.

Walikaa mezani alasiri, fataki zimeshaanza kulia uani. Bi Guo alikuwa amenawa uso, amechana nywele, amevaa koti lake la hariri linalotoka kabatini kwa arusi na sikukuu tu. Samaki alikuwa katikati, jiaozi zinafuka moshi, vitunguu saumu vya siki kwenye kisahani. Jingtao alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Haya." Bi Guo alitoa skafu iliyofungwa kwa karatasi nyekundu. Aliishika kwa mikono miwili, akamnyooshea Shulan. "Mimi sina maneno mengi."

"Mama, wewe?" Jingtao aliropoka.

"Nyamaza, sisemi na wewe. Meiqi, ulikaa kitandani kwangu nilipokuwa siwezi hata kunywa maji. Uliniimbia ule wimbo wa kipuuzi wa yule bwana anayempoteza punda wake, nikacheka na mirija puani mpaka nesi akatugombeza. Nikajisemea, nikitoka hapa mzima, huyu hatakuwa mkwe. Atakuwa mwanangu. Basi, pokea. Niite."

Shulan alifungua mdomo.

Huyu ni mwanamke ambaye umeme uliwahi kukatika akiwa jukwaani, akaendelea kuimba gizani mpaka watu wakasahau kuwa ni giza. Hakuna neno lililowahi kumshinda. Lakini hili halikutoka, na alipomtazama yule mama amenyoosha mikono anasubiri, uso umejaa tumaini, alijiona mwizi anayekabidhiwa funguo na mwenye nyumba.

Hakupokea skafu. Alivuta bakuli la peasi, akatoa moja, akalivunjavunja ganda la barafu lililoizunguka, akaiweka kwenye kibao, akachukua kisu. Akaipasua katikati. Nusu akaiweka mbele ya Jingtao. Nusu akaiweka mbele yake mwenyewe.

Katika lugha yetu kugawana peasi na kuachana hutamkwa vilevile, sikio haliwezi kutofautisha. Ndiyo maana wapenzi hawagawani peasi hata njaa iwaue. Atakula mmoja, mwenzake atamtazama. Mtoto wa chekechea anajua.

"We mtoto una wazimu?" Bi Guo aliinuka nusu. "Siku ya leo? Meza ya leo? Iunganishe! Weka hapa, mpe mtu mmoja ale yote!"

"Si bahati mbaya, Shangazi." Sauti yake ilikuwa imara, maana alishaipanga kibarazani. "Mimi na Jingtao hatufiki popote. Yeye hana kosa. Ni mimi nimechoka. Nimepata kazi mbali, naondoka. Unisamehe."

Ndivyo alivyokuwa amekusudia. Aondoke kama Meiqi, achukiwe kama Meiqi. Afadhali mama huyu amlaani msichana asiyekuwapo kuliko kujua kwamba nyumba nzima ilimfanya mjinga kwa mwaka. Uongo mwingine tena, wa mwisho, wa nia njema kama ule wote uliotangulia.

Bi Guo alikaa. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alikuwa anatazama mikono ya sweta, ambayo ilikuwa imeshuka tena na kuchovya kwenye maji ya peasi.

"Ni sweta," alisema.

"Nini?"

"Usinifiche, mwanangu. Ni sweta. Nakuonaga unavyolikunja kila ukija. Unalivaa kwa kunihurumia." Alikuwa anaongea polepole, mdomo unamcheza. "Siku ile ya kwanza ulipolivaa, vidole vikapotea ndani, nilikwambia zuri, halafu nikaingia chooni nikalia. Nikasema, Fengzhen, watu wanakusifu mikono, angalia ulichomfanyia mtoto wa watu. Ukiwa umelala hapa kwenye kochi nililichukua nikalipima tena. Kila nikilipima linakuja sawasawa na vile vipimo ulivyonipa. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Nikajua hata macho yangu yananidanganya. Nikagawa sindano." Alijipangusa shavu kwa mgongo wa mkono, akajipaka unga uliosalia mkononi. "Msichana kama wewe ataingiaje nyumba ya mama anayefuma vitu vya kuchekesha watu? Mimi ningekuwa wewe ningeona aibu vilevile."

"Mama, acha!" Jingtao alisema, sauti imekatika.

Shulan alikuwa ameshaanza kulia, na haya hayakuwa machozi ya jukwaani; yalimtoka vibaya, na kamasi, na kwikwi. Mwaka mzima alijua anamdanganya mama huyu kuhusu jina. Hakujua kuwa amemnyang'anya mikono yake.

"Sweta liko sawa," alisema.

"Usinifariji."

"Liko sawa, Shangazi! Liko sawa kila uzi! Mimi ndiye siko sawa!" Alisimama, akalivua lile sweta, likamkwama kichwani, akabaki anahangaika nalo na kulia humohumo ndani mpaka Jingtao akainuka kumsaidia, naye akampiga mkono. Alipotoka, nywele zimesimama, alilikunja akaliweka mbele ya Bi Guo kwa mikono miwili. "Halikufumiwa mwili huu. Lin Meiqi ni mrefu. Ana mikono mirefu. Alikupa vipimo vyake kwenye simu, ukavifuata, hukukosea hata kidogo. Halafu akamwacha Jingtao, wiki uliyolazwa. Mimi si yeye. Mimi ni mwigizaji, naimba nyimbo za vichekesho pale Jingtao anapofunga taa. Aliniomba nije mchana mmoja usije ukashtuka. Nikaja. Halafu nikarudi. Nikarudi kwa sababu napenda kuja. Jina langu ni Qiao Shulan."

Fataki zililia nje, ndefu, mfululizo, na watatu wale wakasubiri ziishe kama watu waliosimamishwa na treni.

"Jingtao," Bi Guo alisema. "Kweli?"

"Kweli, Mama."

"Na daktari? Ulijua nimepona?"

"Nilijua. Shulan nilimficha. Amejua leo."

"Kwa hiyo wewe umenidanganya mimi, ukamdanganya na huyu unayemtumia kunidanganya mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Nilizaa mtoto mmoja tu," Bi Guo aliiambia meza, "na angalia."

Alilivuta lile sweta, akaligeuza ndani nje, akaanza kupitisha kidole kwenye mishono ya mkono, kutoka begani kwenda chini, taratibu, bila kuwatazama. Shulan alisubiri atukanwe. Angeshukuru kutukanwa. Kile kimya kilimshinda, akainama mpaka kiuno, akasema, "Nisamehe, Shangazi," akachukua koti lake msumarini, akatoka.

Ngazi zilikuwa na baridi na harufu ya baruti. Alikuwa amefika kwenye pembe ya kwanza aliposikia viatu vya ndani vinamfuata, pa, pa, pa.

"Shulan! Simama!"

"Rudi kwa mama yako. Umemwacha peke yake siku ya sikukuu."

"Nitarudi. Sikiliza neno moja." Jingtao alikuwa na shati tu, anatetemeka, hakujua kama ni baridi. "Nakupenda. Ndilo nililotakiwa kulisema nikaenda kusema lile la moyo wa mama. Nakupenda wewe, Shulan. Simpendi Meiqi wa Dalian, wala Meiqi wa Jumapili."

Shulan alikuwa amelingoja neno hilo tangu lini? Na lilipokuja, lilimkuta mikono mitupu.

"Unasikia raha kunipenda?" alimuuliza, machozi yakimchuruzika. "Mimi sisikii raha. Nakupenda, Jingtao, nikijidanganya tena hapa nitakuwa sina dawa. Lakini kila nikikutazama nitamwona mama yako chooni analia kwa ajili ya mikono ya sweta. Tumemfanyia nini yule mama? Tulikuwa tunamlinda na nini?"

Jingtao aliweka kiganja ukutani karibu na bega la Shulan, bila kumgusa, akainamisha kichwa. Walisimama hivyo, karibu kiasi cha kusikilizana pumzi, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Shulan ndiye aliyejitoa. Alifunga kifungo cha koti, akashuka ngazi moja, akashuka nyingine.

"Qiao Shulan!"

Sauti ilitoka juu, kali, ya mama anayemwita mtoto aliyesahau kitu. Mwaka mzima sauti ile haikuwa imewahi kumwita kwa jina lake. Lilimpiga mgongoni, akageuka kabla hajafikiri, mdomo ukajibu wenyewe kama ulivyokuwa ukijibu zamani kutoka uani kwao.

"Abee, Mama!"

Halafu akasikia alichosema.

Jingtao alisikia. Juu kule Bi Guo naye alisikia, maana mlango ulioanza kulia bawaba ulisita. Shulan alijifunika mdomo kwa viganja viwili. Alitaka kusema samahani, limeniponyoka, sikukusudia. Lakini huo ungekuwa uongo, na alikuwa amechoka.

Bi Guo alijitokeza kwenye ukingo wa ngazi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, anatafuna kwa shida, na maji meusi ya peasi yalikuwa yanamtiririka kidevuni mpaka kwenye hariri ya sikukuu. Tepu ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni. Alitafuna, akameza, akajipangusa.

"Nimekula zote mbili," alisema. "Nusu yako na nusu yake. Baridi imenipanda mpaka kwenye ubongo. Kwangu siku ya leo hakigawanywi kitu."

"Mama..." Jingtao alianza.

"Wewe usinisemeshe mpaka nikuruhusu. Shuka chini kwa jirani, mwombe sindano zangu. Mwambie nilikuwa mjinga, mikono yangu haina ugonjwa. Kimbia!" Jingtao alimpita Shulan mbio, na viatu vyake vya ndani. Bi Guo alimgeukia msichana. "Na wewe sijakusamehe. Usidhani. Nitakukasirikia mpaka maua yachanue, na nitakukasirikia ukiwa hapa, nikikuona. Panda."

Shulan alipanda. Alipofika ngazi ya mwisho hakujua asimame vipi wala aangalie wapi.

"Vua koti. Nyoosha mkono."

Alinyoosha. Bi Guo alishika ncha ya tepu begani kwake, akaivuta taratibu kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, akabana kwa kidole gumba. Akapima tena. Vidole vyake vilikuwa na unga bado kwenye kucha.

"Mfupi," alisema, sauti imemsaliti. "Mkono mfupi huu. Nilijua mimi."